Utafiti wa nyenzo rafiki kwa mazingira Arusha na Moshi: ni kazi ya kuishi nayo au ya kupamba banda la Nane Nane?

#1 Kokoto la Meru

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka viwanja vya Themi tunaoneshwa mkoba wa nyuzi za mgomba, tofali la plastiki na mkaa wa pumba. Mwaka unaofuata banda ni lile lile, sampuli ni zile zile, kijana ndiye mwingine. Yule wa mwaka jana keshahamia kuandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira.

Hoja yangu: kanda hii huwezi kujenga kazi ya utafiti wa nyenzo, kwa sababu maabara hazitoshi. Basi. Anayepinga aje na hoja.

Na swali juu yake: mhitimu wa kemia, fizikia au uhandisi aliye popote kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, mwaka wake wa kwanza afanye nini hasa? Msiniletee "ajitume" wala "achangamkie fursa". Nataka vipimo, hatua na mlango wa kugonga.

#2 Ngarenaro1

Nimeshavuta kiti. Ngoja waje wenye PhD zao.

#3 Nyuzi Kavu

@Kokoto la Meru, maabara ni kisingizio. Wengi wanakwama kabla ya maabara, kwenye kuandaa sampuli. Chukua huo huo mgomba unaoucheka.

Gogo likatwe na kuchambuliwa siku hiyo hiyo. Likilala, utomvu unageuka kahawia na rangi haitoki tena. Tenganisha maganda ya nje na ya ndani, usiyachanganye: ya nje yana nyuzi ngumu, ya ndani laini, na ukiyapima pamoja jibu lako litayumba bila sababu unayoweza kuieleza. Kwangua kwa kisu butu juu ya ubao, suuza, anika kivulini.

Kisha kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Gramu 50 zitie kidogo kidogo ndani ya maji, kisha ongeza maji mpaka lita 1, hiyo ndiyo 5%. Nyuzi gramu 50 kwa kila lita. Saa 1 hadi 2 kwenye joto la kawaida, zikizama zote. Suuza mpaka karatasi ya kupimia ioneshe 7, suuza ya mwisho ukitia matone ya siki. Kausha nyuzi joto 60 hadi 70 usiku kucha, hifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Yanayoharibika: (a) mtu anamwaga maji juu ya kostiki badala ya kostiki ndani ya maji, inachemka na kumrukia usoni, (b) anatumia sufuria ya alumini. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, sufuria inatoboka na mchanganyiko wako unakuwa na madini usiyoyataka. Tumia ndoo ya plastiki. (c) anaongeza kostiki hadi 15% akidhani "kali ndiyo nzuri". Hapo anakula selulosi yenyewe, nyuzi zinakuwa nyeupe za kupendeza na zinakatika kama tambi.

Mtu akiwa na makundi matatu (zisizotiwa dawa, za 5%, za 10%), nyuzi 30 kila kundi, kipenyo kimepimwa sehemu tatu za kila uzi kwa hadubini, anaweza kugonga mlango wa chuo chochote kuomba saa mbili za mashine ya kuvuta uzi mpaka ukatike, kupima nguvu yake. Anayeenda na furushi na maneno hapewi.

#4 Mama wa Kihamba

Hesabu nzuri ya maabara hiyo. Hesabu ya shamba je? Gogo la mgomba ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukipata kilo moja ya nyuzi kavu, ujue umebeba magogo ya kama kilo mia. Nani atayashusha kutoka Marangu mpaka kiwanda cha mjini kwa Fuso? Mashine ya kukwangua ndiyo ipande mlimani.

Jambo la pili watafiti hawaulizi. Mnaandika "taka za migomba". Kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani mlimani, gogo la mgomba si taka. Linakatwakatwa, linapewa ng'ombe wa zizini pamoja na majani, na kiangazi ndilo linalompa maji. Mbolea ya huyo ng'ombe inarudi kwenye mgomba na mbuni. Ukilinunua umevunja mzunguko huo, na mwenye ng'ombe atakuuzia kwa bei ya pumba za mifugo. Andiko likianza na "malighafi ya bure", hapo limeshakufa.

#5 Ngarenaro1

Kumbe mshindani wa sayansi ya nyenzo ni ng'ombe wa mangi 😂

#6 Kokoto la Meru

@Mama wa Kihamba, umenigusa. Kwa hiyo mnasema tatizo ni malighafi, si maabara?

#7 Pozolana

Tatizo ni kuchagua mada. Watu wanakimbilia nyuzi kwa sababu zinapigika picha. Mali yenyewe tumeikanyaga: majivu ya volkano. Meru na Kilimanjaro zimetuachia pozolana ya asili, yaani jivu linaloshikana na chokaa kama saruji, na Holili inachimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji miaka mingi.

Kwa nini ni suala la mazingira? Klinka, kile kiini cha saruji kabla ya kusagwa, inachomwa karibu nyuzi 1450, na chokaa ikivunjika inatoa yenyewe zaidi ya nusu tani ya kaboni dayoksaidi kwa kila tani ya klinka, kabla hujahesabu mafuta ya tanuri. Kila kilo ya klinka unayoiondoa na kuweka jivu linalofanya kazi ni faida ya moja kwa moja. Ndiyo maana dunia inaimba saruji ya LC3: klinka 50%, udongo mfinyanzi uliochomwa 30%, mawe ya chokaa 15%, jasi 5%. Huo udongo unachomwa nyuzi 700 hadi 850 tu.

Mhitimu aanze hivi. Kausha jivu nyuzi 105, saga mpaka linalobaki kwenye chekeche la mikroni 45 lisizidi 34%. Tengeneza mchemraba wa sm 5: saruji sehemu 1, mchanga 2.75, maji 0.485 ya saruji. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia. Halafu ondoa 20% ya saruji, weka jivu, rekebisha maji mpaka mtiririko ufanane na wa kwanza. Vunja siku ya 7 na siku ya 28. Likifika 75% ya nguvu za ule wa saruji tupu, limepita kwa kigezo cha Marekani cha ASTM C618. Likishindwa, saga zaidi kabla ya kulilaumu.

Mashine ya kuvunja michemraba si siri ya NASA. Vyuo vya uhandisi na maabara za barabara wanazo. @Kokoto la Meru, hoja yako ya maabara hapa haisimami.

#8 Zege Bichi

Mkuu @Pozolana, yote kweli, ila umeruka kitu fundi anachokiona kwanza: saruji yenye pozolana nyingi inachelewa kushika. Ukweli nguvu ya siku ya 28 inaweza kuwa sawa, hata kupita baadaye, lakini siku ya 3 iko nyuma. Mkandarasi wa Njiro anang'oa mbao mapema ili azipeleke kwenye ghorofa la pili. Akiona kona inamomonyoka, anasema "saruji ya watafiti hii", na habari imeishia hapo.

Tena inataka kumwagiliwa siku nyingi zaidi, kwa sababu pozolana inafanya kazi polepole na inataka maji wakati huo wote. Saiti gani inamwagilia siku 14?

#9 Pumba Chekereni

Majivu ya pumba za mpunga mbona hamyataji? Lower Moshi inalima mpunga tangu mradi wa umwagiliaji uliokamilika 1987. Pumba zipo mashineni, zinachomwa bure. Silika tupu. Unakusanya, unasaga, unachanganya na saruji.

#10 Pozolana

@Pumba Chekereni, si majivu yoyote mkuu. Lundo linalojichomea nyuma ya mashine, katikati linapita nyuzi 700 na zaidi, silika inageuka fuwele na hailiwi na chokaa. Pembeni halijaiva, limebaki jeusi lenye kaboni, na kaboni inanywa maji ya zege. Unataka moto wa nyuzi 500 hadi 700, hewa ya kutosha, na uligeuze. Pipa la bati lenye matundu na kipimajoto cha waya vinatosha kwa kuanzia.

Kagua hivi: gramu 1 ya jivu kavu, ichome nyuzi 750 mpaka uzito usibadilike tena. Kilichopotea ndicho kaboni na uchafu wake. Kikizidi 10%, rudi kwenye pipa.

Na hesabu: tani 1 ya mpunga inatoa kama kilo 200 za pumba, na pumba hizo kama kilo 40 za jivu. Tani nzima ya mpunga haijazi mfuko wa saruji wa kilo 50. Hapo ndipo maandiko mengi ya "kiwanda" yanapoanguka.

#11 Mwanamuziki wa Majengo

Mnazungumza saruji kana kwamba vijana wote ni mainjinia. Mimi naona biashara iko kwenye mifuko. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Kijana atengeneze mfuko wa wanga wa muhogo unaooza wenyewe, anauza soko la Kilombero mpaka Kiboriloni.

#12 Dada wa Maabara

@Mwanamuziki wa Majengo, taratibu. "Unaooza wenyewe" ni maneno ya tangazo. Plastiki ya PLA, inayotokana na mimea, inaoza vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi, inayopinduliwa na kupewa hewa. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka 90% ya kaboni igeuke kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, na vipande visibaki kwenye chekeche la mm 2 zaidi ya 10% baada ya wiki 12. Mtaroni Unga Ltd hakuna nyuzi 58. Utakaa pale pale ukiziba maji.

Mfuko wa wanga mtupu nao una aibu yake: unanywa unyevu. Ukitia gliserini ili usikatike, Machi na Aprili unakuwa kama ulimi, Januari unavunjika kama papadi. Unapimwa kwa unyevu uliodhibitiwa, si kwa kuuning'iniza mawe mbele ya mgeni rasmi.

Anayetaka kazi ya haraka aanze na ile mifuko iliyoruhusiwa, isiyofumwa. Sharti ni gramu 70 kwa mita ya mraba. Kata kipande cha sm 10 kwa sm 10, kipime: kiwe angalau gramu 0.7. Kata vipande vitano sehemu tofauti, maana kona ya mfuko na katikati havilingani. Mizani ya gramu 0.01 wanayotumia madalali wa tanzanaiti inatosha. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo atakulipa kwa jibu hilo kabla kontena halijamfia mkononi.

#13 Ngarenaro1

Yaani unapima mfuko kwa mizani ya tanzanaiti? Arusha raha sana.

#14 Mangi Msafi

Huko Arusha lazima mpime mifuko, imejaa mitaroni. Moshi tunafagia.

#15 Ngarenaro1

Moshi ina watu wangapi bana, mwezi mzima mnafagia barabara ile ile. Endeleeni wakuu, huyu achaneni naye.

#16 Afisa wa Bonde

Niongeze upande wa mkate, maana @Kokoto la Meru amezungumzia wanaokimbilia ripoti kana kwamba wamesaliti. Mshahara wa uendelevu kanda hii hauko kwenye nyenzo. Uko kwenye kahawa, maua, mboga na maji.

Kahawa: sheria ya Umoja wa Ulaya ya ukataji misitu, namba 2023/1115, inataka kila shamba lijulikane lilipo na lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanaomba data tayari. Shamba la zaidi ya hekta 4 linachorwa mipaka yote. Chini ya hapo nukta moja inatosha, yenye tarakimu sita baada ya desimali. Vihamba vyetu karibu vyote ni nukta. Kinachoharibika: simu inachukua nukta chini ya kivuli cha miti kabla setilaiti hazijatulia, ramani inaonesha kihamba kiko ndani ya hifadhi ya mlima. Subiri usahihi ushuke chini ya mita 5, simama pasipo na kivuli kizito. Anayejua programu ya ramani ya QGIS na kuzungumza na katibu wa chama cha ushirika (AMCOS) hakosi kazi ya msimu.

Maji: ofisi ya Bonde la Pangani iko Moshi, na mashamba makubwa yanahitaji vibali vya kuchukua maji na vya kutiririsha majitaka, pamoja na vipimo vya kila kipindi. Tathmini ya athari: lazima uwe umesajiliwa NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, kama mtaalamu, na msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mhandisi naye akumbuke ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na yale mafunzo ya kazini ya miaka mitatu ya SEAP. Wengi wanayapuuza kisha wanashindwa kusaini hata mchoro wa choo.

Hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba huku utafiti ukiiva. Si usaliti.

#17 Kokoto la Meru

@Afisa wa Bonde, nashukuru, lakini umenithibitishia hoja. Anayepima nukta za kahawa siku tano, Jumamosi atavunja mchemraba gani?

#18 Msimamizi wa Andiko

Shikamooni wakubwa. Nijibu la mlango wa kugonga.

Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ina skuli inayoshika nyenzo, nishati, maji na mazingira. Uzamili wake uko wa masomo na utafiti, na uko wa utafiti mtupu. Anayetaka utafiti asianze na fomu, aanze na msimamizi. Soma makala mbili tatu za mhadhiri husika, mwandikie kurasa mbili, si kumi: tatizo kwa sentensi tatu zenye namba, kilichokwishafanywa na pengo lililobaki, sampuli utazitoa wapi, kiasi gani, msimu gani, vipimo gani na kila kimoja kinajibu swali gani, bajeti. Barua ya "I am interested in nanotechnology" inafutwa kabla haijasomwa mpaka mwisho.

Vipimo ndipo watu wanapojimaliza. Wanaorodhesha mashine za XRD, SEM, FTIR, TGA kama menyu ya hoteli. XRD inakuambia fuwele zipo au hazipo: mtu wa majivu ya @Pozolana anaihitaji kweli. Mtu wa nyuzi za kostiki anahitaji FTIR kuona kama hemiselulosi imeondoka, kile kilele cha grafu karibu na 1735 kipungue. SEM ni picha nzuri za hadubini ya elektroni, ila isipojibu swali ni pesa ya bure. Na kabla ya kuandika mashine kwenye andiko, uliza mambo matatu: inafanya kazi leo, foleni ni wiki ngapi, na gesi au taa yake ya ziada ananunua nani.

Kwa upande wa karakana, TEMDO na CAMARTEC wako hapa hapa Arusha. Wao ni watu wa mashine. Kikwanguzi cha mgomba cha @Mama wa Kihamba kinaanzia kwao, si kwenye maabara ya kemia. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako mikoa yote miwili. Fedha: COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, hutangaza miito ya mfuko wake, DAAD wa Ujerumani wamekuwa na ufadhili wa kusoma humu humu Afrika. Kwenye miito hiyo anayeanguka mara nyingi si mwenye wazo bovu, ni aliyesahau barua ya msimamizi.

#19 Mfupa Mweusi

Wote mmesahau tatizo letu la kudumu, floridi iliyozidi kwenye maji. Kichujio nacho ni nyenzo. Dkt. Askwar Hilonga wa hapo Tengeru alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015 kwa kichujio cha maji. Na kituo cha Ngurdoto kimefanyia kazi mkaa wa mifupa miaka mingi. Nani kasema nyenzo hazina kazi kaskazini?

Mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachemshwa kuondoa mafuta, inakaushwa, inachomwa nyuzi 400 hadi 500 hewa ikiwa kidogo. Ukitoka mweusi tii wenye harufu, haujaiva, maji yatanuka. Ukitoka mweupe, umepitiliza, na uwezo wa kushika floridi umeshuka. Kijivu cheusi ndicho kinachotafutwa. Saga, chekecha, suuza mpaka maji yatoke meupe.

Kupima: elektrodi ya floridi, sampuli na kimiminika cha TISAB nusu kwa nusu, maana aluminiamu na chuma vinaificha floridi usipokitia. Kiwango cha kulinganishia: gramu 0.221 za sodiamu floridi katika lita 1 ni miligramu 100 za floridi. Tumia chupa za plastiki, si glasi. Elektrodi nzima inaonesha tofauti ya kama milivolti 54 hadi 60 kila ukipunguza mara kumi. Ikionesha 40, usiendelee, isafishe kwanza. Nusu ya majibu ya ajabu ninayoyaona kwenye ripoti ni elektrodi chovu.

Na maji ya miteremko ya Meru mara nyingi yana bikaboneti nyingi na pH ya juu. Ukijaribu mkaa wako kwa maji ya dukani uliyotia floridi, utapata jibu tamu. Peleka kwenye maji halisi, uwezo unashuka. Shirika la WHO linasema miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo jibu la "umepunguza 80%" halitoshi: 80% ya 10 bado imebakiza 2.

#20 Mama wa Kihamba

@Mfupa Mweusi, hiyo ya mwisho ibandikwe ukutani. Ila kuna kaya hazinywi maji yaliyopita kwenye mfupa usiojulikana ni wa mnyama gani. Weka chanzo cha mifupa kwenye lebo, kutoka machinjio gani. Hilo nalo ni sehemu ya nyenzo.

#21 Kipimo Kwanza

Nadhani nyote mnazunguka tatizo lenyewe. Hakuna anayeajiri kwa sababu neno "rafiki" halijapimwa. Kijana ajifunze tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, ISO 14040 na 14044. Programu ya openLCA ni ya bure.

Kosa la kwanza la wote ni kulinganisha kimoja kwa kimoja. Tofali moja kwa tofali moja, mfuko mmoja kwa mfuko mmoja. Linganisha kazi: mita ya mraba ya ukuta, mwaka mmoja wa kubeba bidhaa sokoni. Mfano tofali la udongo-saruji la kufungamana, sm 30 urefu, 15 upana, 10 kimo. Linakuwa kama kilo 8.5. Saruji ikiwa 6% ya uzito, ni nusu kilo. Mita ya mraba inataka 22, kwa hiyo kilo 11 za saruji. Sasa lete tofali la kuchoma na kuni zake, ndipo tuzungumze.

#22 Zege Bichi

@Kipimo Kwanza, hesabu yako ya 22 si sahihi mkuu. Uso wa ukutani ni 0.3 kwa 0.1, mita za mraba 0.03. Ni 33 na zaidi kidogo. Saruji ni kilo 17 hivi, si 11.

Na 6% haiangukii kila udongo. Fanya kisanduku cha kupimia mnyweo: urefu sm 60, upana na kimo sm 4. Paka mafuta ndani, jaza udongo mbichi, anika kivulini mpaka ukauke kabisa, sukumia upande mmoja, pima pengo. Pengo dogo, saruji kidogo. Pengo kubwa, saruji nyingi. Likifika sm 6 usipoteze saruji, ongeza mchanga au hama. Udongo mweusi wa tambarare za Kahe utakuaibisha. Ule mwekundu wa mlimani unasikia, ila una mfinyanzi mwingi, upunguzwe makali kwa mchanga.

#23 Kipimo Kwanza

Ahsante, 33 ni sahihi. Hoja inabaki: kazi kwa kazi.

#24 Mwanamuziki wa Majengo

Na vigae vya plastiki na mchanga? Nairobi yule dada wa Gjenge, Nzambi Matee, alipewa tuzo ya UNEP mwaka 2020. Hapa tunashindwa nini?

#25 Nyuzi Kavu

Tunashindwa kuchambua plastiki. Dumu ni HDPE, linayeyuka nyuzi 130 hivi. Kiti na ndoo nyingi ni PP, 160 na kitu. Chupa ya maji ni PET, inataka 250. Ukizichanganya pipa moja, ya kwanza inaungua kabla ya mwisho haijalainika. Bomba la PVC likiingia, unapumua gesi ya asidi ya kloridi. Na mwenye wazo la kuchanganya nyuzi zangu za mgomba na PET aliache: nyuzi zinaanza kuungua baada ya 200.

Mtihani wa mtaani wa kuanzia: vipande kwenye maji. HDPE na PP vinaelea, PET na PVC vinazama. Hautoshi, ila unaondoa wabaya wawili.

#26 Hati Miliki

Neno dogo kwa wanaopenda mabanda. Ukishaonesha siri ya mchanganyiko hadharani, Ulaya hutapata hataza tena, upya umekwisha. Nenda kwanza BRELA wanaosajili hataza, Themi baadaye. Kwenye banda onesha bidhaa, usibandike uwiano ukutani. Kuna kijana kila mwaka anabandika uwiano, halafu anashangaa.

#27 Karanga

Mmeacha ngozi. Moshi kuna kiwanda cha ngozi cha Karanga. Utafiti wa kupunguza kromu, kemikali ya kulainishia ngozi, kwa kutumia magome ya miwati upo wazi. Tatizo lijulikane mapema: ngozi ya kromu inavumilia joto mpaka nyuzi 100, ya magome inaanza kusinyaa 75 hadi 85. Kwa mkanda na begi sawa. Kwa buti linalobandikwa soli ya moto, pima kwanza.

#28 Kokoto la Meru

Nimewasoma wote. Mpaka sasa nina sababu tano: maabara (yangu, imepigwa mawe), malighafi, uchaguzi wa mada, fundi asiyesubiri, na "rafiki" isiyopimwa. @Afisa wa Bonde anasema hakuna tatizo, ni kazi mbili. Mimi bado naamini maabara. Michemraba mnavunja, sawa, lakini XRD mnasubiri foleni, na foleni ndiyo inayomla kijana.

#29 Pozolana

Foleni ya XRD haimli aliyekuwa na michemraba ya siku 28 inayoiva huku akisubiri. Anayesubiri akiwa mikono mitupu ndiye anayeliwa.

#30 Mama wa Kihamba

Na mwenye michemraba naye ataliwa akiulizwa nani anamletea jivu tani kumi kwa wiki.

#31 Pumba Chekereni

Swali la kando wakuu. Hilo chekeche la mikroni 45 linapatikanaje? La unga halifai?

#32 Dada wa Maabara

La unga ni kubwa mno. Nunua moja tu la maabara lenye cheti, mengine utakopa. Usilisugue kwa kidole wala brashi ya waya, waya wake unatanuka na kuanzia hapo kila jibu lako ni uongo. Osha kwa maji ya mnyunyizo mpole, gramu 1 ya jivu kwa wakati, mpaka yanayotoka chini yawe safi, kausha nyuzi 105 pamoja na chekeche lenyewe, kisha pima. Jivu likigandamana, matone mawili ya sabuni ya maji.

#33 Pumba Chekereni

Barikiwa dada. Nalitafuta wiki hii.

#34 Ngarenaro1

Akikosa aje kwangu, nina la uji.